Kufuli Si Hukumu: Kwa Wewe Utakayekuwa Mwenye Nyumba



Wengi wenu mnaosoma makala haya mnaishi katika vyumba vya kupanga, na baadhi yenu, mkijaliwa kazi na afya, mtajenga vyumba vya kupangisha. Leo sisemi na mpangaji wa leo. Nasema na mwenye nyumba wa kesho, kwa sababu najua wosia atakaopewa siku atakapomaliza kuezeka, na wosia huo ni mbaya.

Hapa Kampala na katika vitongoji vyake, kila apataye akiba kidogo huwaza kujenga mizigo. (Anayejifunza Kiswahili aangalie asichanganye: mizigo ya Waganda si ile inayobebwa kichwani, bali ni safu ya vyumba kimoja kimoja chini ya paa moja, kila mlango na familia yake.) Akishajenga, wakongwe wa kazi hiyo humzunguka na kumfunza. Usiandikiane na mtu, humwambia, maana karatasi itakufunga wewe. Mpangaji akichelewa siku tatu, mtie kufuli mlangoni. Akikaidi, mkatie umeme. Akizidi kukaidi, ezua mabati juu ya kichwa chake, uone kama hataondoka. Huu ndio ujuzi unaorithishwa kwa fahari, na mimi naupinga kwa sababu ni uvunjaji wa sheria, ni hasara ya fedha na ni aibu.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mpangaji hupanga, mwenye nyumba hupangisha. Kiambishi kile -ish- hakikuwekwa pale kwa mapambo. Kinaonyesha kwamba mtu amesababisha jambo litendeke: amemfanya mwingine apange. Anayepangisha amekubali kwa hiari yake, tena kwa malipo, kwamba kwa muda uliopatanwa chumba kile ni maskani ya mtu mwingine. Kuta ni zake bado, lakini kizingiti hakivuki bila hodi. Wenye nyumba wetu wengi wamelishika lile neno la kwanza, mwenye nyumba, wakalifasiri kuwa mwenye watu.

Sheria ya nchi hii inasema vinginevyo. Tangu mwaka 2022 Uganda ina Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji. Mapatano yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yanatakiwa yawe ya maandishi. Kodi haipandishwi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa waziri ameweka kiwango kingine. Mwenye nyumba anawajibika kutoa makazi yanayomfaa binadamu. Na lililo kubwa kuliko yote: mpangaji hafukuzwi bila amri ya mahakama. Anayemfukuza mtu kwa kufuli au kwa kumng'olea mlango ndiye mkosaji mbele ya sheria, hata kama anadai kodi ya miezi mitano. Deni la mpangaji halimgeuzi mwenye nyumba kuwa hakimu.

Hapo najua utanijibu, na jibu lako lina uzito. Utasema: mwalimu, wewe huijui mahakama yetu. Kesi huahirishwa mpaka mtu akachoka, na wapangaji wako wanaohama usiku wa manane na godoro begani, wakiacha deni na balbu zimefunguliwa. Je, mtu aliyekopa benki ili ajenge, atailipa benki kwa huruma? Kweli, mwenye nyumba mdogo si tajiri. Mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au mjane anayesomesha watoto kwa vyumba vinne. Sikuombi uwe mfadhili wa mtu. Nakuomba ulidai deni lako kwa njia inayolipa.

Njia hiyo ipo, na inashangaza jinsi isivyosemwa. Tangu mwaka 2011 mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, na kodi ya pango ni miongoni mwayo. Humo huhitaji wakili. Unaanza kwa barua ya madai inayompa mdaiwa siku 14 za kulipa. Akinyamaza, unakwenda kwa hakimu na ushahidi wako. Ushahidi gani? Ni ile karatasi uliyoambiwa usiiandike. Asiye na mkataba wala nakala za risiti hufika mbele ya hakimu na mdomo wake tu, na mpangaji naye ana mdomo. Kumbuka pia kwamba utaratibu huu ni wa kudai fedha. Ukitaka na chumba kirudi mikononi mwako, hiyo ni amri nyingine ya kuiomba mahakama.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wakongwe wale hujigamba kwa hesabu. Una vyumba vitano, kila kimoja shilingi 100,000 kwa mwezi. Mpangaji wako wa miaka mitatu, fundi cherehani, ameuguza mtoto na kuchelewesha mwezi mmoja. Umetia kufuli. Ameondoka na hasira, jirani zake wameona, na habari ya mwenye nyumba mkali imefika gengeni kabla ya jua kutua. Chumba kimekaa kitupu miezi miwili: shilingi 200,000 zimekwenda. Umepaka rangi, umebadilisha kitasa, umempa dalali chake. Lile deni la 100,000 hukulipwa, maana mtu uliyemfukuza hurudi kulipa kwa nadra sana. Mngekaa naye kitako, mkaandikiana kwamba deni litalipwa kwa mafungu manne juu ya kodi ya kila mwezi, na nyote wawili mkatia sahihi, ungekuwa na mpangaji, fedha na ushahidi.

Wala usidhani mkataba unahitaji Kiingereza kizito cha mawakili. Andika kwa lugha ambayo wewe na mpangaji mnaielewa sawasawa. Kiswahili kinatosha, kama ndicho mnachozungumza. Yawemo majina kamili na namba za vitambulisho vya taifa, chumba chenyewe, kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa, nani hulipa maji, nani hununua umeme wa mita, amana ni kiasi gani na itarudishwa lini, na kila upande utoe taarifa ya muda gani kabla ya kuvunja mapatano. Kabla ya kumkabidhi ufunguo, zungukeni chumbani pamoja, mwandike ufa uliopo ukutani na kioo kilichovunjika, kila mmoja abaki na nakala. Halafu mpeleke akajulikane kwa mwenyekiti wa LC1. Kazi yote hiyo haimalizi nusu siku. Ugomvi mwingi wa amana niliousikia ulihusu ufa ambao hakuna aliyeuandika.

Kuna jambo wakongwe hawalitaji kabisa, nalo ni kodi ile nyingine. Kiswahili kimeyapa neno moja malipo ya pango na malipo ya serikali, na wenye nyumba wengi huikumbuka maana ya kwanza tu. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya mapato ghafi ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kupunguziwa gharama za matengenezo wala riba ya benki. Vile vyumba vyako vitano vikijaa mwaka mzima vitaleta 6,000,000. Toa kiwango kisichotozwa, zinabaki 3,180,000, na kodi yake ni shilingi 381,600. Iweke kando tangu mwezi wa kwanza. Waweza kuiona sheria hii kali, na mimi sitakubishia sana; lakini asiyeilipa kodi ya serikali akamfungia mpangaji kwa kuchelewesha kodi ya chumba, sijui atamtazamaje usoni.

Mwezi Juni 2024 mamlaka ya mazingira ilibomoa nyumba katika ardhioevu ya Lubigi, pembezoni mwa Kampala. Walioathirika walilia, na kilio chao nilikielewa: hatukupewa muda, vitu vyetu viko nje, watoto watalala wapi? Somo la kwanza ni la mnunuzi: kiwanja cha bei ya chini karibu na bwawa kichunguze kwanza, na ukinunua kibanja juu ya ardhi ya mailo, pata ridhaa ya mwenye ardhi kwa maandishi kabla ya kutoa shilingi. La pili ni la yeyote miongoni mwetu mwenye mlango wa kupangisha. Muda, taarifa na heshima tunavyovidai kwa serikali ikija na tingatinga, ndivyo hivyo hivyo mpangaji anavyovidai kwetu tukija na kufuli. Mwenye kuvililia huko na kuvinyima hapa hana hoja; ana maslahi tu.

Nakuachia jambo moja la ujenzi, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa zaidi. Sheria inaposema makazi yanayomfaa binadamu, haisemi juu ya rangi ya ukuta. Vyumba vitano vyenye familia ya watu wanne wanne ni watu 20, na katika mizigo mingi watu hao hupanga foleni alfajiri mbele ya choo kimoja. Fedha ulizotenga kwa chumba cha sita, chimba kwanza choo cha pili, kiwe na mlango unaofungika kwa ndani, na mfereji wa maji machafu usiopita mbele ya mlango wa mtu.