Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mara: Mgonjwa Aambiwe Kabla Jino Halijang'olewa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: MATIBABU YA MZIZI WA JINO MUSOMA, BUNDA NA BUTIAMA

Naanza na ombi lenyewe. Katika kila hospitali na kituo cha afya cha umma kinachong'oa meno mkoani Mara, mgonjwa aambiwe, kabla ya kuchomwa ganzi, kama jino lake bado linaweza kuokolewa. Kama linaweza, aelezwe aende wapi na itamgharimu kiasi gani. Akishaelezwa akachagua kung'oa, ang'olewe. Jino ni lake. Ninachopinga ni mtu kutoka hospitalini na pamba mdomoni bila kujua kwamba palikuwa na njia ya pili.

"Dawa ya jino bovu ni kung'oa." Maneno haya nimeyasikia sokoni Nyasho, nimeyasikia stendi ya Bunda, na nimeyasikia kwa walimu wenzangu wenye shahada zao. Yamedumu kwa sababu zamani yalikuwa kweli: kwa vizazi vingi hapakuwa na kingine cha kumfanyia mtu anayelia usiku kucha. Leo si kweli tena, lakini huduma zetu bado zinakwenda kana kwamba ni kweli.

Wewe unayajua nitakayoyaeleza sasa. Nayaandika kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii. Ndani ya jino, chini ya gamba gumu jeupe na tabaka la njano liitwalo dentini, kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho huteremka kwa vijia vyembamba hadi kwenye ncha ya mzizi, ndani ya taya. Tundu likiwa bado juu juu, jino huzibwa na kazi inaishia hapo. Likifika kwenye kiini, bakteria huingia, kiini huvimba ndani ya chumba kisichotanuka, na hapo huanza yale maumivu ya saa nane za usiku. Mtu anakunywa chai ya moto, anameza, na uchungu unabaki muda mrefu baada ya kumeza. Baada ya siku au wiki kadhaa maumivu yanaweza kukoma ghafla. Wengi humshukuru Mungu wakidhani wamepona. Mara nyingi kiini kimekufa, na usaha umeanza kukusanyika kwenye ncha ya mzizi.

Matibabu ya mzizi huondoa kiini hicho na kuliacha jino mahali pake. Daktari huchoma ganzi, hulitenga jino kwa karatasi nyembamba ya mpira ili mate yasiingie, hutoboa juu ya jino, kisha kwa visindano vyenye kingo za kukwangua hutoa kiini kilichoharibika na kusafisha kila kijia hadi karibu na ncha. Husuuza kwa haipokloraiti, kemikali ileile iliyomo kwenye jiki ya kufulia mashuka meupe, ila kwa kipimo cha kitabibu. Hili si jambo la kujaribu nyumbani. Vijia vikishakuwa safi na vikavu hujazwa kwa gataperka, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki ambao madaktari wa meno wanautumia kwa kazi hii tangu karne ya 19. Kisha jino huzibwa, na likiwa gego huvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu. Jino la mbele kwa kawaida lina kijia kimoja. Gego la chini huwa na vitatu, na gego la kwanza la juu mara nyingi lina vinne. Ndiyo maana la mbele huweza kumalizika kwa mara moja na gego likamtaka mgonjwa arudi. Ganzi ikishika sawasawa, kwa kawaida hakuna mateso yanayozidi yale ya kuziba jino.

Na jino lililotibiwa hudumu. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mzizi: baada ya miaka 8, asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni. Katika yale machache yaliyong'olewa, mengi hayakuwa yamevikwa kofia. Nitarudi kwenye kofia.

Kinachoniumiza ni njia anayopitia mgonjwa wetu kabla hajafika kwako. Huanza na karafuu, na karafuu si upuuzi: mafuta yake ndiyo ambayo daktari wa meno huyachanganya na oksidi ya zinki kutuliza jino. Kisha huenda duka la dawa muhimu, akanunua diklofenaki. Kisha amoksilini au metronidazo, mara nyingi nusu dozi kwa sababu ya fedha. Uvimbe unanywea. Lakini kiini kilichokufa hakina tena mishipa ya damu, na dawa inayosafiri kwa damu haiwezi kufika ndani yake. Bakteria wanabaki mlemle. Mgonjwa anarudia dawa kila uvimbe unaporudi, hadi siku moja unashuka chini ya taya na kuingia shingoni. Hapo suala si jino tena, ni pumzi. Madaktari wa zamu wanaopokea wagonjwa wa namna hii usiku wanajua jinsi uvimbe huo unavyoweza kuua. Yote hayo yalitoka kwenye tundu moja, na vidonge vyote vile vilimchelewesha mtu afike mahali ambapo chanzo kingeondolewa, ama kwa kutibu mzizi ama kwa kung'oa.

Sasa watoto, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, mwaka uleule anaoandikishwa darasa la kwanza. Huota nyuma ya magego ya utotoni bila jino lolote kudondoka, kwa hiyo mzazi hajui kuwa limekuja. Likianza kutoboka, anasema ni jino la utotoni, litatoka lenyewe. Halitoki. Mtoto anafika darasa la tano likiwa limefika kwenye kiini, anapelekwa hospitali, linang'olewa, na huo ndio mwisho wa jino alilopaswa kutafunia nyama na muhogo hadi uzeeni. Meno ya jirani huanza kuinamia pengo, na jino la upande wa pili, likikosa la kukutana nalo, hushuka au kupanda polepole kutoka mahali pake. Nimewaona wanafunzi wa Bunda wanaotafuna kwa upande mmoja tu kabla hawajamaliza elimu ya msingi.

Kwa watoto hawa habari ni njema kuliko kwa watu wazima. Mzizi wa gego hilo huchukua miaka kama mitatu kukamilika baada ya gego kuota, na katika umri huo kiini kina nguvu ya kupona. Daktari akiwahi, mara nyingi anaweza kuondoa sehemu ya juu tu ya kiini, akafunika iliyobaki kwa dawa yenye kalisi, na mzizi ukaendelea kukua. Ni kazi fupi kuliko kutibu mzizi mzima, na haihitaji zana nyingi. Ndugu Mganga Mkuu, kama kuna kundi moja la kuanza nalo kesho asubuhi, ni hawa.

Kundi la pili ni wenye meno ya mbele yaliyovunjika. Bodaboda zinaanguka kila siku kati ya Makutano na Butiama, na kati ya Bunda na vijiji vya kuelekea Kibara. Kijana anavunjika jino la mbele katikati, kiini kinaonekana kwa macho, jino linang'olewa. Jino hilo lina kijia kimoja kilichonyooka. Katika meno yote ndilo jepesi kuliokoa. Eneo hili linajua uzito wa meno ya mbele. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno ya mbele ya juu kwa mila ya Wazanaki. Wazee wetu waliyahesabu meno hayo kuwa sehemu ya utu wa mtu, wakayafanyia kazi kwa uangalifu. Kuchonga kukizidi kina huweza kukiua kiini polepole, jino likageuka jeusi miaka baadaye, na hilo nalo dawa yake ni kutibu mzizi. Leo binti wa miaka 20 anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka, anayekosa kazi ya mapokezi kwa sababu ya pengo, anastahili uangalifu usiopungua ule wa wazee.

Sidai kwamba kila jino linaokolewa. Mzizi uliopasuka kwa urefu hauna tiba. Jino lililobaki kigutu chini ya fizi halina pa kushikia kofia. Jino linalotikisika kwa sababu mfupa umekwisha, ling'olewe. Na mgonjwa anayeishi mbali, asiyeweza kurudi kumalizia, anaweza kuwa salama zaidi kwa kung'olewa kuliko kwa matibabu yaliyoachwa nusu, kwa sababu jino lililofunguliwa na kusahaulika huoza ndani upya. Uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa wakiwa pamoja. Ninachotaka ni kwamba ufanyike.

Siwalaumu pia matabibu wa kinywa na meno. Mtu mwenye kiti kimoja na foleni inayofika nje ya mlango anaweza kung'oa jino kwa dakika chache. Kutibu gego huchukua saa nzima au zaidi. Asipokuwa na eksirei ndogo ya meno ni vigumu kwake kupima urefu wa mzizi kwa uhakika. Asipokuwa na visindano vya kukwangua, mpira wala gataperka, ujuzi wake unabaki mikononi. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2022 hauwezi kuendeshwa kwa kung'oa tu eti kwa sababu kung'oa ndiko kunakomaliza foleni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya kudumu yaliyooza bila kutibiwa. Foleni hiyo haitaisha kwa koleo. Nchi yetu inafundisha madaktari wake wa meno tangu mwaka 1979, pale Muhimbili. Ujuzi upo. Tunachokosa ni mpango wa kuufikisha hapa.

Kwa hiyo napendekeza uanze kidogo. Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, ambayo wananchi wa Mara waliisubiri kwa miongo, iwe mahali ambapo mtu wa Bunda au Butiama anaweza kuelekezwa kwa rufaa ya maandishi, akijua siku na saa. Daktari kutoka Musoma awe na siku yake maalumu Bunda na siku yake maalumu Butiama, akishughulikia kwanza meno ya mbele na magego ya watoto. Halmashauri tano za eneo hili, yaani Manispaa ya Musoma, Wilaya ya Musoma, Butiama, Mji wa Bunda na Wilaya ya Bunda, ziingize vifaa vya matibabu ya mzizi katika mipango yao kabambe ya afya na kuviagiza Bohari ya Dawa pamoja na koleo na ganzi. Vifaa hivi si vya anasa. Bila utaratibu huo, anayetaka kuokoa jino anaweza kulazimika kwenda Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, akilipa nauli ya kwenda na kurudi, chakula na pengine malazi, kisha arudie tena safari ya pili. Kwa mvuvi wa Mwigobero au mkulima wa pamba, hesabu hiyo peke yake inatosha kumfanya aseme ling'olewe.

Kuhusu kofia: gego lililotibiwa mzizi limetobolewa katikati na kuta zake zimepungua nguvu; bila kufunikwa, linaweza kupasuka kwa punje moja ya mahindi ya kukaanga. Kutibu mzizi na kumwacha mgonjwa ajitafutie kofia ni kufanya nusu ya kazi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Najua kitita cha bima hakiandikwi Musoma. Lakini waganga wakuu wa mikoa wana sauti wizarani kuliko mwalimu wa Bunda, nami nakuomba uitumie: matibabu ya mzizi na kofia yake viingie pamoja, kwa watoto na watu wazima.

Hayo mengine yanahitaji bajeti na muda, na nitasubiri. Moja halihitaji bajeti. Agiza kila kituo kinachotoa huduma ya meno kibandike ukutani, kwa Kiswahili, karatasi inayosema ni wapi mkoani matibabu ya mzizi yanapatikana, siku zipi na kwa bei gani. Na kila mgonjwa asomewe kabla ya ganzi. Na wewe mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama unayesoma barua hii, ukikalia kile kiti, uliza kabla hujafungua mdomo: jino hili linaweza kuokolewa? Una haki ya kujibiwa.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi na mzazi,
Bunda