Akiba ya Mafuta Isije Ikaishia Kwenye Betri



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei mpya za mafuta, na zamani siku hiyo chakula cha jioni nyumbani kwetu hakikosi manung'uniko. Tunaishi Mbezi. Mume wangu anafanya kazi Posta, mimi nina duka dogo la vitambaa Kariakoo, na shule ya watoto iko njiani. Kwenda, kurudi na mizunguko midogo ni kama kilometa 40 kwa siku. Kwa foleni ya Barabara ya Morogoro, gari letu la zamani lilikuwa halivuki kilometa 10 kwa lita moja.

Jioni moja mume wangu alirudi na uso wa furaha.

"Mama watoto, nimepata gari la haibridi. Ni la mwaka 2012, bei yake nzuri, na mafuta linanusa tu!"

Nilinyamaza. Fedha aliyokuwa akiifikiria niliijua. Ni ile tuliyoiweka kwa miaka minne kwa ajili ya madirisha na sakafu ya nyumba yetu, na sehemu yake ilitoka dukani kwangu, senti kwa senti.

Nikamwambia, "Baba watoto, sikatai. Lakini kabla hatujatoa hata shilingi, tukae na karatasi."

Labda nawe mama umesikia habari za magari haya ukadhani yanachomekwa ukutani kama pasi. Sivyo. Haibridi ya kawaida inajazwa petroli kama gari lolote. Tofauti ni kwamba pamoja na injini ina mota ya umeme na betri kubwa. Ukienda polepole au ukisimama kwenye foleni, injini huzimika na mota hushika kazi. Ukikanyaga breki, mota hiyohiyo hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana faida yake kubwa iko mjini. Kwenye safari ndefu kama ya Dodoma, injini hufanya kazi karibu muda wote, na faida hupungua.

Si magari mageni. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, na Aqua, ambayo wengi wetu tunaiona barabarani, ilitoka Desemba 2011. Maana yake ni kwamba nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimekwisha zeeka, na betri zake zimezeeka pamoja nazo.

Sasa hesabu yetu. Kilometa 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni kilometa 1,000. Gari la zamani lilikula lita 100. Jirani yetu mwenye haibridi alituambia lake linakwenda kilometa 20 kwa lita, yaani lita 50 kwa mwezi. Tukaweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi; wewe weka bei ya kituo chako. Tungebakiwa na shilingi 150,000 kila mwezi. Mume wangu akatabasamu.

Ndipo nikauliza, "Na betri ikifa?"

Kesho yake alimpigia simu fundi anayeshughulika na magari hayo. Jibu lilikuwa shilingi milioni 3. Tukagawanya. Betri moja ingemeza akiba ya mafuta ya miezi 20! Tukakubaliana kwamba gari halinunuliwi mpaka fundi huyo alipime.

Dalali hakupenda. Alisema gari halina taa yoyote ya hatari kwenye dashibodi, na wateja wengine wanasubiri. Tulisisitiza. Fundi aliunganisha mashine yake, akaliendesha gari kama nusu saa, akatuonyesha. Betri ya gari kama lile imeundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa. Ya Aqua ina 20. Vitatu vilikuwa dhaifu sana, na kipande dhaifu huvuta wenzake. Aliona pia dalili kwamba taa ya hatari ilikuwa imefutwa siku chache tu zilizopita.

Tulirudi nyumbani kwa daladala, kimya. Mume wangu aliona haya, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwaambia rafiki zake. Sikumwambia, "Unaona sasa?" Kama asingelitafuta gari, tungeendelea kunung'unika kila mwezi bila kufanya lolote.

Miezi miwili baadaye tulipata jingine. Lilikuwa ghali zaidi kidogo, lakini lilipimwa na betri ikakutwa nzima. Tukauza la zamani, tukaongeza fedha ya madirisha, na siku hiyohiyo tukaweka sharti: nusu ya akiba ya mafuta, shilingi 75,000, iende kwenye akaunti ya betri, na haiguswi kwa harusi wala kwa msiba. Nusu nyingine irudi kwenye nyumba.

Mwezi wa thelathini taa ikawaka. Watoto walikuwa ndani, tunatoka shule. Nilikasirika sana, mpaka fundi alipoondoa kifuniko pembeni ya kiti cha nyuma. Pale pana tundu ambalo feni hupitishia hewa ya kupoza betri. Lilikuwa limejaa vumbi na nyuzi za sweta za shule! Kila siku watoto walirundika mikoba yao hapo, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwaambia waiweke hapo. Betri ilikuwa imechemka kwa muda mrefu.

Katika akaunti tulikuwa na shilingi 2,250,000. Iliyopungua, 750,000, tuliikata kwenye mishahara ya miezi miwili. Iliuma, lakini hatukukopa, wala hatukugombana.

Mama, kama nyumbani kwako mnafikiria gari la namna hii, zingatia haya:

Kwanza, pigeni hesabu ya kilometa zenu wenyewe. Kama gari linatoka Jumapili tu, akiba ya mafuta haitafikia bei ya betri.

Pili, lipimwe na fundi mliyemchagua ninyi, si wa muuzaji. Liwashwe asubuhi likiwa baridi. Kipimo cha betri kikipanda na kushuka haraka haraka, au feni ya nyuma ikinguruma mfululizo, ondokeni.

Tatu, msikubali kirahisi kubadilishiwa kipande kimoja tu cha betri. Kipya kati ya vikuukuu hakiponyi vingine, na mara nyingi mtarudi gereji.

Nne, safisheni tundu la hewa na chujio lake kama lipo, na msiliendeshe gari kwenye maji ya mafuriko.

Tano, nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua. Asiziguse mtoto, wala fundi wa chini ya mwembe asiyejifunza kazi hiyo. Injini nayo bado inadai oili yake kwa wakati.

Nyumbani kwetu madirisha yamekwisha wekwa. Sakafu bado. Mikoba ya watoto siku hizi inakaa miguuni mwao, na kila Jumamosi kijana wangu mkubwa ndiye anayefuta lile tundu. Akaunti ya betri tumeianza upya, kwa sababu hii nayo itazeeka.

Mpaka mwezi ujao, nakutakia amani nyumbani mwako.