Treni zikiongezeka, tutavukia wapi?

Ahadi ya treni zaidi Eastlands hupigiwa makofi kila mara. Poa. Lakini hebu jiulize: hizo treni zikianza kupita kila dakika chache, wewe na mathree yako mtavuka reli saa ngapi?

Chukua Mutindwa, pale Umoja. Reli hii ilifika Thika mwaka wa 1913. Umoja ilijengwa miaka ya 1970. Kwa hivyo treni haikutuvamia. Mtaa ndio uliifuata, ukaweka steji na vibanda pande zote mbili, na magari yakawa yanakatiza juu ya reli yenyewe. Oktoba 2013, asubuhi watu wakienda kazini, treni iligonga basi la abiria hapo. Zaidi ya watu 10 walikufa.

Baada ya ajali kama hiyo, wengi hutaka kizuizi na mlinzi. Sawa, viwekwe. Ila fanya hesabu. Tuseme barabara inafungwa dakika 3 kila treni inapopita. Treni 2 kwa saa, umesimama dakika 6. Treni 12 kwa saa, kwenda na kurudi, ni dakika 36. Na unajua vile dereva wa nganya hufanya akichoka kungoja. Watu wa bodaboda hata usiniulize.

Ndiyo maana wahandisi huzidisha magari ya siku kwa treni za siku ili wajue ni kivuko kipi kianze kujengewa daraja. Magari 10,000 mara treni 20 ni 200,000. Treni zikifika 60, hatari imeongezeka mara tatu na hakuna gari hata moja jipya barabarani. SGR ya Mombasa ilipofunguliwa 2017 ilikuja na madaraja yake. Reli ya zamani ililetewa treni za mitumba kutoka Uhispania mwaka wa 2020, na bado inakatiza barabara za mitaani.

Sasa, nani apite juu? Gari likipita juu ya treni, barabara inafaa kuinuka mita 7 hivi. Kwa mwinuko wa asilimia 5, hiyo ni mita 140 za kupanda kila upande. Treni haiwezi mlima kama huo. Kwa asilimia 1.5 itataka karibu mita 470 kila upande. Kwenye karatasi daraja la magari linashinda. Lakini hizo mita 140 mtaani ni maduka, vinyozi na mama mboga ambao wateja wao ni sisi tunaopita chini. Kuchimba njia ya chini? Kumbuka mafuriko ya Aprili 2024. Bila mitaro na pampu, hapo umechimba bwawa.

Huko Melbourne, Australia, walianza kuondoa vivuko vya aina hii mwaka wa 2015, na sehemu nyingine waliinua reli yenyewe, chini kukabaki njia za miguu na baiskeli. Ni ghali, lakini mimi ningechagua hiyo, kwa sababu wengi wetu hapa tunatembea. Kupandisha gunia la viazi ngazi za mita 7 si mchezo. Thika Road kuna madaraja ya miguu na bado unaona watu wakikimbia katikati ya magari. Ukijenga daraja la magari pekee, ua wa reli utatobolewa wiki ya kwanza.

Kwa hivyo wakiita kikao cha maoni ya umma mtaani kwenu, enda. Usiulize tu daraja litakamilika lini. Uliza mama wa nyanya atahamia wapi kabla ya tingatinga kufika, mkokoteni utavukia wapi, na maji ya mvua yataelekea wapi. Na uitishe ramani yenye vipimo. Zile picha za kompyuta zenye miti ambayo hakuna mtu amepanda, warudishie.