Twiga Naye Ni Umma

Wako wasemao, na tena husema barazani kwa sauti kubwa, kwamba mnyama wa mwitu hana mwenyewe. Aliyempata amepata riziki yake. Na twiga wamtia humo humo: ana kwato, hula majani, basi pana kosa gani? Nyama ya magendo huingia majumbani usiku kwa bei nafuu, na sisi walimu tumenyamaza. Kunyamaza kwetu kumefanywa ni fatwa. Leo nayajibu maneno haya.

Kwanza, kusema hana mwenyewe ni kauli ya asiyeijua dini yake. Mwenyewe ni Mwenyezi Mungu. Katika Suratul An'am, aya ya 38, ametufunza kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Hebu mtazameni twiga. Mama huchukua mimba miezi 15. Huzaa hali amesimama, mtoto akaanguka kutoka urefu wa karibu mita 2, na haupiti muda mrefu huyo amesimama ananyonya. Shingo yote ile ina mifupa 7, sawasawa na shingo yako wewe. Presha ya damu yake ni kiasi cha mara mbili ya yetu, ili damu ifike kichwani. Na akiinama kunywa maji hadhuriki. Je, aliyeumba kwa hikima hii ameumba ili sisi tuharibu?

Pili, wasema ni halali. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamekhitalifiana: Imam Nawawi katika Majmuu amesema ni haramu, na wengine, kama Imam Subki, wameona ni halali. Mimi sina haja ya kuamua baina ya wakubwa hao. Lakini wewe unayeshika kauli ya uhalali, nakuuliza: nyama uliyoletewa imechinjwa na nani? Twiga hunaswa kwa kitanzi cha waya. Akinaswa shingo akafa, huyo ndiye aliyenyongwa, na Suratul Maida, aya ya 3, imemtaja kwa jina lake kuwa ni haramu. Akinaswa mguu, akafa kwa kiu na kidonda, ni mzoga. Anayesalimika ni yule aliyewahiwa yu hai akachinjwa kisharia. Basi ni nani aliyekushuhudilia hayo, naye muuzaji amekuja kwa kificho? Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania twiga analindwa na sheria. Mtu aivunjae sheria usiku, wamuamini vipi katika kuchinja?

Tatu, imeripotiwa kaskazini ya Tanzania kwamba watu wamedanganywa kuwa ubongo na uboho wa twiga hutibu UKIMWI. Huu ni uongo mtupu. Wamuua kiumbe, wamdanganya mgonjwa, na mgonjwa huacha dawa za hospitali akafa. Hizo ni dhulma tatu katika sufuria moja.

Watasema: twiga ni wengi, hawaishi. Mwaka 1985 walikadiriwa zaidi ya 150,000 Afrika nzima. Kufika 2015 hawakutimia 100,000. Mashamba na barabara zimewakata njia, vita vimewamaliza, na nyaya zimefanya yaliyosalia. Machi 2020, Ishaqbini huko Garissa, karibu na sisi, ilitangazwa kuwa twiga mweupe jike na mwanawe wamekutwa mifupa mitupu, wameuawa na wawindaji haramu. Wakaazi waliokuwa wakiwalinda ni Waislamu wenzetu. Ni aibu yao, au ni aibu ya aliyeua na aliyenunua?

Watasema tena: haya ni mambo ya wazungu na watalii. Basi na wasome tarikhi yao. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga, na mzungu hajatia mguu katika pwani hii. Wazee wetu walijua thamani yake. Na Niger, nchi ya Waislamu, mwaka 1996 walibaki twiga 49 tu. Wanavijiji wakakubali kuishi nao mashambani mwao bila ya ua, na leo wamepita 600. Hakuna aliyewafundisha kuacha dini yao, wameitenda.

Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajilishe. Huyo ni paka mmoja. Kitanzi cha waya nacho humfunga mnyama, hakimlishi wala hakimwachi.

Basi enyi mama wa nyumba, nanyi ndio wenye amri ya jiko: akibisha mlangoni mtu na mfuko usiku, muulizeni ni nyama gani, imechinjwa wapi na nani. Akibabaika, mrudisheni nayo. Mkosa mnunuzi hategi. Nasi walimu tuyaseme haya darasani na mimbarini, kabla hatujaulizwa.

Wabillahi tawfiki.