Habari ya Behewa la Gadi

Twataka kusema neno juu ya behewa la mwisho la treni ya mizigo, yaani lile la gadi. Huku kwetu Lugarawa hakuna reli. Atakaye kusikia honi ya treni hana budi apite Njombe hata afike Makambako. Lakini chuma cha Liganga ki karibu nasi, na habari ya reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na tawi la kuja Liganga na Mchuchuma, imesemwa sana. Kwa hiyo twaona jambo hili latuhusu.

Ndugu makarani wafahamu kwamba behewa hilo lilikuwa ofisi. Huko Marekani mkuu wa treni alikuwa na meza yake humo, na taa, na jiko la makaa, na hati za kila behewa: limebeba nini, lashushwa wapi. (Karani gani wa Njombe asingetamani ofisi yenye jiko mwezi wa Julai!) Tena aliyatazama magurudumu ya mbele, maana ekseli ikikosa mafuta huwaka moto. Mabehewa ya kwanza yalikuwa ya mbao. Treni ilipopanda mlima injini ya pili iliisukuma kwa nyuma, na behewa likibanwa katikati lilivunjika na kuwaua waliomo. Ndipo yakatiwa viunzi vya chuma cha pua, kisha behewa zima likawa la chuma.

Baada ya makubaliano na wafanyakazi mwaka 1982, mabehewa hayo yalianza kuondolewa huko. Katika kiungo cha mwisho kikatundikwa kisanduku chenye taa nyekundu, kimpashacho dereva habari ya nguvu ya breki kwa simu isiyo na waya. Kisanduku hakili mshahara wala hakiombi likizo, hilo hatukatai. Lakini hakinusi ekseli inayoungua, wala hakishuki kukaza breki ya mkono. Wamarekani waliweka pia mitambo kandokando ya reli ya kupima joto la ekseli. Amwondoaye mtu asiweke na mitambo hiyo, amefanya nusu ya kazi.

Na milima yetu si ya mchezo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa mwaka 1970 hadi 1975, kati ya Makambako na Mlimba hushuka milimani kwa kupita mahandaki mengi. Tena tarehe 24 Juni 2002, katika Reli ya Kati karibu na Msagali, treni ya abiria ilishindwa kupanda, ikarudi nyuma kwa kasi, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Hatusemi kwamba behewa la gadi lingaliwaponya. Twasema mkia wa treni wataka mwangalizi.

Basi twaomba wachorao reli ya Liganga waandike wazi: nani atakaa mkiani, au ni mitambo gani, na gadi akiondolewa atapewa kazi gani na kwa mshahara gani. Tungependa kuyajua hayo kabla ya taruma la kwanza kulazwa.