Mlezi Naye Ahudumiwe

Kijana wa miaka 14 mwenye mtindio wa ubongo hawezi kujigeuza kitandani. Mama humgeuza usiku kucha asipate vidonda, humlisha uji akimwinua kichwa asipaliwe, na siku ya kliniki humbeba mgongoni hadi kituo cha matatu. Kibarua cha kufua nguo alishakiacha. Nani angebaki na mtoto?

Nchini Kenya, mpango wa Inua Jamii huzipa familia zilizosajiliwa za watu wenye ulemavu mkubwa Sh2,000 kwa mwezi. Ni msaada wa maana, na haufai kucheleweshwa hata siku moja. Lakini nepi pekee zaweza kuzimaliza.

Tena pesa hazimpi mama usingizi.

Kaunti zina kumbi za kijamii na wahudumu wa afya mashinani. Kumbi hizo zifunguliwe angalau siku moja kwa wiki: watoto wacheze na kufanyishwa mazoezi ya viungo, wazazi wafundishwe kuwanyoosha misuli, na anayetaka kwenda sokoni au kulala tu aende bila wasiwasi. Ndugu wa watoto hao waalikwe pia, kwani wengine hukosa shule wakiachiwa ulezi. Na akina baba waje. Huduma hii itengewe fungu lake katika bajeti ijayo ya kila kaunti.