Acheni Gari Lifuate Jua

Tumchukue mwalimu mstaafu wa Ongata Rongai. Juu ya mabati yake ana paneli za sola za kilowati 5, na kando ya tangi la maji ameegesha Nissan Leaf ya mtumba. Ni saa tano asubuhi. Watoto wamekwenda kazini, pasi imepoa, friji inanguruma peke yake jikoni. Skrini ya inveta ukutani inaonyesha paneli zinatoa kilowati 3.2, na nyumba inakula nusu kilowati tu. Gari limesimama pale pale, betri ina robo. Mwenyewe atalichomeka saa moja jioni, jua likishazama.

Hapo ndipo anapopoteza.

Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinamruhusu mwenye paneli kusukuma ziada yake kwenye gridi, lakini kwa kila uniti 100 anazotoa huhesabiwa 50. Uniti mbili zinatoka mchana, moja inarudi usiku. Asiyeunganishwa katika mpango huo hali yake ni mbaya zaidi: nyumba ikitosheka, inveta huzibana paneli zisizalishe, na jua la adhuhuri linapita bure juu ya mabati. Huku uniti ya nyumbani, ukijumlisha kodi na tozo, inakaribia shilingi 30 kwa anayetumia umeme mwingi.

Wengi wakielezwa haya hujibu kwamba dawa ni kuchaji mchana. Ni nusu ya dawa. Nusu ya pili, ambayo mafundi na wauzaji wa chaja hawaisemi vya kutosha, ni kasi.

Chaja ya ukutani inayouzwa sana kwa matumizi ya nyumbani ni ya ampea 32. Kwa umeme wa volti 240, inavuta zaidi ya kilowati 7 ikiwa gari lenyewe linakubali kupokea kiasi hicho. Shawa ya umeme ya bafuni, ile inayofanya taa zififie mtu anapooga, hula takriban kilowati 5, na hiyo ni kwa dakika kumi. Mwalimu akifungulia chaja yake yote saa sita mchana, paa linampa kilowati tatu na kitu, na zinazobaki zinatoka kwenye mita. Betri itajaa upesi, naye ataamini amechaji kwa jua. Tokeni zake zitamwambia vingine.

Sasa ashushe kasi hadi ampea 6, kiwango cha chini kabisa ambacho utaratibu wa kimataifa wa chaja hizi unakiruhusu. Hiyo ni kilowati 1.4 hivi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, gari litakuwa limepewa uniti 7. Ukiondoa kiasi kinachopotea njiani, kinachobaki kinatosha mwendo wa kilomita 35 au zaidi kwa gari dogo la aina hiyo. Kwenda sokoni, hospitali na kanisani, kisha kurudi, humaliza hizo? Siku nyingi hapana. Tumezoea petroli, na petroli imetufundisha kwamba kujaza ni jambo la dakika tano. Betri ya gari linaloshinda nyumbani haina haraka hiyo.

Wala haihitaji mtambo wa bei ghali. Chaja nyingi za kubeba, zile zinazochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu, zina kitufe cha kuchagua ampea 6, 8, 10 au 13. Mwenye nyumba anasoma inveta, anatoa matumizi ya nyumba, anabonyeza. Tahadhari moja tu, na ni kubwa: soketi ya ukutani haikuundwa kubeba ampea 13 saa tano mfululizo. Ukiona plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka matundu, acha mara moja umwite fundi akuvutie waya wa gari peke yake, wenye swichi yake kwenye boksi kuu. Waya wa ekstensheni usiutumie kabisa.

Asiyetaka kukaa akibonyeza vitufe anaweza kununua chaja inayofanya kazi hiyo yenyewe. Kampuni ya Uingereza ya myenergi imejulikana kwa chaja yake ya Zappi, na wengine wamefuata njia hiyo. Kihisi kidogo kama klipu hubanwa kwenye waya mkuu unaoingia nyumbani na kupima umeme unaotoka na unaoingia. Ziada ikiongezeka, chaja huliambia gari livute zaidi. Mtu akiwasha birika jikoni, huliambia lipunguze. Wingu dogo likipita, chaja nzuri hungoja dakika chache kabla ya kukata, kwa sababu kuwasha na kuzima kila mara huchosha swichi za ndani.

Na mawingu yapo. Yeyote aliyeishi Nairobi anaijua Julai, anga la kijivu tangu alfajiri, jua likichungulia baada ya saa saba au lisichungulie kabisa. Siku hizo paneli za kilowati 5 zinaweza kutoa chini ya kilowati moja asubuhi nzima, na ampea 6 zenyewe zitamshinda mwenye paa. Mwezi huo atachota kwenye gridi kama wengine.

Lipo pingamizi zito zaidi: gari la mfanyakazi halipo nyumbani saa sita. Liko Upper Hill au Industrial Area, limeegeshwa juani. Kwa huyo, paa la nyumbani litamfaa Jumamosi na Jumapili tu. Lakini jua analoliacha nyumbani linawaka pia ofisini. Chuo Kikuu cha Strathmore kilifunga paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na mwaka uliofuata jengo la maduka la Garden City, kando ya barabara ya Thika, likaezeka maegesho yake kwa paneli za kilowati 858. Magari yanapumzika chini ya umeme kutwa nzima. Mwajiri mwenye paa la namna hiyo akiweka soketi ishirini za ampea 6 atawafaa wafanyakazi wengi kuliko akiweka chaja mbili za kasi zinazopiganiwa.

Serikali nayo ina lake la kurekebisha. Aprili 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, ilitangaza bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku wa manane, kabla ya kodi na tozo. Bei ya usiku ina mantiki. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria haulali, na nchi ikilala hukosa pa kwenda, kwa hiyo asiye na paneli na apewe nafuu hiyo. Lakini siku ya kazi, bei ile ile ya shilingi 16 inamtoza anayechaji saa saba mchana, sola zikiwa zimejaa kila mahali, na anayechaji saa mbili usiku, taa, majiko na televisheni za nchi nzima zikiwa zimewaka. Kilele hicho cha jioni ndicho kinachoitesa gridi. Februari 2025 matumizi yalifika megawati 2,316. Anayechomeka gari saa hiyo kwa ampea 32 anaipa transfoma ya mtaa mzigo ambao mchana usingemsumbua mtu.

Australia, ambako nyumba zaidi ya milioni 4 zina paneli, imekwenda mbali. Novemba 2025 serikali yake ilitangaza mpango wa kuwapa wakazi wa baadhi ya majimbo muda wa saa 3 za umeme wa bure kila mchana kuanzia Julai 2026, hata wasio na paneli. Kenya haijafika huko wala haihitaji kutoa bure. Inahitaji bei ya tatu, ya mchana, iliyo chini ya ile ya jioni, na iandikwe sasa magari haya yangali machache, kabla wenyewe hawajazoea kuchomeka wakirudi nyumbani.

Mwalimu wa Rongai hahitaji kuisubiri. Kitufe anacho tayari, na inveta iko ukutani.